Dada wa IST anauliza: nisipokuwa mkali barabarani nitagongwa?

Swali lenyewe kwa kifupi ni hili: "Mwalimu shikamoo. Leseni nina miaka miwili, naendesha IST. Kazi yangu iko Morogoro, familia iko Kimara, kwahiyo Ijumaa jioni nashuka Dar na Jumapili jioni narudi. Hakuna safari inapita bila basi au lori kunijia uso kwa uso upande wangu mpaka nitoke nje ya lami. Juzi tairi za kushoto zilitoka, gari ikayumba vibaya, watoto nyuma wakalia mpaka Chalinze. Mume wangu anasema tatizo ni uoga wangu, nisipokuwa mkali kama wao nitagongwa, niwawashie taa za fulu na nikomae na leni yangu. Ni kweli?"

Marahaba dada, na pole sana wewe na hao watoto, mshtuko kama huo unakaa mwilini siku nyingi. Jibu langu ni hapana, usiwe mkali kama wao, na hiyo ya kukomaa na leni wakati basi liko upande wako usiijaribu hata mara moja. IST ni tani moja na kidogo, basi likijaa abiria na mizigo ni zaidi ya tani 15. Ni kweli haki ni yako, trafiki akija na futi yake kupima atakuta ulikuwa kwako na dereva wa basi ndo mwenye kosa, lakini hao watoto wanataka wafike na mama yao, kesi baadae.

Ila shemeji nae kuna kitu amekiona, nisimkatalie chote. Dereva anaeshtuka, anaekanyaga breki ghafla katikati ya lami, anaewasha indiketa afu anabadili mawazo, huyo nae ni hatari mana wenzake hawajui atafanya nini. Unachotakiwa ni kuamua mapema na wengine waone umeamua nini. Hicho unaweza kujifunza na hakihitaji ubabe wowote.

Mimi nafundisha udereva na kabla ya hapo nilikuwa kwenye mabasi ya mkoani njia ya Mbeya, kwahiyo naomba nikueleze kwanza yule mtu wa upande wa pili anawaza nini. Simtetei, ila ukijua anawaza nini unajua atakutokea wapi.

Basi linatoka stendi pale Mbezi, linahangaika mpaka Kibaha, Mlandizi malori yamejipanga, Vigwaza anaingia mizani anakaa foleni ya kupima. Abiria wananung'unika, tajiri, yani mwenye basi, anapiga simu uko wapi mbona mwenzako ameshapita, na nyuma kuna basi jingine la njia hiyohiyo ambalo akilipisha tu litaokota abiria wote wa njiani. Huo muda wote uliopotea anataka kuufidia kuanzia Chalinze kwenda Morogoro, na kile kipande ni leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, kimejaa semi za Zambia na Kongo. Tangu 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, Ijumaa jioni wewe unakutana nao wakiwa ndo wanatoka Dar na hasira za foleni. Jumapili jioni unakutana na wale wanaoshuka kutoka Mbeya, Songea, Dodoma, dereva yuko kwenye usukani tangu alfajiri na anaiona Dar iko karibu. Ongeza hapo magari ya IT, yale yanayotolewa bandarini kwenda nje ya nchi, dereva analipwa kwa safari sio kwa siku, akifika Tunduma haraka anarudi kuchukua jingine, ndo mana wanakimbia wamefuatana kama wako kwenye mashindano. Kwahiyo saa ulizochagua kusafiri ni zile mbaya kabisa, nitarudi hapo mwishoni.

Sasa tupige hesabu kidogo, mana watu wengi wanaovateki kwa macho tu na macho yanadanganya. Basi lina 80, ndo mwisho kisheria kwa gari la zaidi ya tani tatu na nusu likiwa nje ya makazi. Mbele yake kuna semi ina 60. Ili alipite vizuri anahitaji kutoka mita kama 20 nyuma yake, apite urefu wa semi mita 18, urefu wa basi lenyewe mita 12, afu abakize mita 20 kabla hajarudi. Jumla mita 70, na tofauti ya spidi yao ni 20 tu, yani mita tano na nusu kwa sekunde, kwahiyo inamchukua sekunde 12 au 13. Ndani ya sekunde hizo basi limekula mita 280, na wewe unaekuja na 90 umekula zaidi ya mita 300. Maana yake kama siku hiyo anaanza kutoka mko chini ya mita 600, hamalizi mpaka wewe upunguze au utoke. Na 600 ni umbali ambao ukiangalia kwa macho unaona ahaa yule bado yuko mbali sana. Semi zikiwa mbili zimefuatana ndo usiseme.

Hapo ndo utaona kwanini kuwasha fulu na kukanyaga mafuta hakusaidii kitu. Ukishamuona yuko ubavuni mwa semi hana pa kwenda, kulia kwake ni nje ya barabara, kushoto kuna trela, nyuma yake wameshaziba nafasi. Mtu pekee mwenye uwezo wa kubadilisha hesabu ni wewe, na unaibadilisha kwa kutoa mguu kwenye mafuta mapema. Ukishuka kutoka 90 mpaka 60 wakati bado mko mbali umempa sekunde za kumaliza, na umejipa wewe spidi ambayo ukitoka pembeni gari inakusikiliza.

Na utamjua mapema. Ukiona semi inakuja kwako usiiangalie semi, angalia kilicho nyuma yake. Dereva wetu anakaa kulia kwahiyo ili aone mbele lazima aisogeze pua ya gari kuelekea mstari wa kati. Utaona taa moja au kona ya kioo inajitokeza ubavuni mwa semi, inarudi, inajitokeza tena. Huko ni kuchungulia. Akichungulia mara mbili mimi nafanya kama tayari ameshatoka: mguu unatoka kwenye mafuta, jicho kwenye kioo cha ndani kuona nani yuko mgongoni kwangu, kama kuna mtu kanibana naigusa breki kidogo mara mbili ili taa zimwambie, nawasha taa mara moja ya haraka aone kuna mtu, afu naanza kuangalia kushoto kwangu kuna nini. Kuna mwenye baiskeli? Kuna kalvati, kingo za daraja, mtaro? Au pembeni ni papana na udongo ni mgumu? Yani mahali pa kutokea unapachagua kabla hujahitaji. Mara nyingi hutatoka hata, utasogea tu mpaka kwenye mstari mweupe wa pembeni na kila mtu atapita.

Sasa tuje kwenye lile lililokukuta, la tairi kutoka nje, hapa naomba usome taratibu na shemeji asome pia, mana gari ndogo nyingi zinazopinduka zenyewe bila kuguswa na mtu zinaanzia hapa hapa.

Lami yetu pembeni imekatika, udongo umeondoka na mvua na malori yanayopaki, kwahiyo kati ya lami na udongo kuna ngazi, sehemu nyingine inafika kiganja kizima. Tairi za kushoto zikishuka pale zinakuwa kwenye kokoto, za kulia ziko kwenye lami, na gari inavutwa kushoto. Mwili wa binadamu hapo unafanya mambo mawili bila kufikiri, mguu unakanyaga breki yote na mikono inakata usukani kulia ili urudi. Tairi la mbele linasugua ule ukingo wa lami haliwezi kupanda, unaongeza kukata, linakataa, unaongeza, afu ghafla linapanda. Likishapanda usukani bado umekata kulia na tairi limeshika lami vizuri, kwahiyo gari inaruka moja kwa moja upande wa pili, uso kwa uso na anaefuata nyuma ya lile basi, au unaikata tena kushoto kwa pupa na inapinduka. Ile kuyumba uliyoisema ni mwanzo wa kitu hicho, Mungu amekusaidia ulikuwa hauko na spidi kubwa.

Unachofanya ni kinyume cha mwili unavyotaka. Tairi zikishatoka, ziache zitoke. Mikono miwili imeshika usukani unyooke sambamba na barabara, mguu toa kwenye mafuta, breki usikanyage kwa nguvu, ikibidi gusa taratibu sana. Ukiona kuna nafasi mbele acha gari ijipunguze yenyewe hata kama inatikisika na kokoto zinapiga chini, kelele hizo haziui. Ikishuka 30 au chini ya hapo, angalia saitimira ya kulia na mbele, afu rudi kwa kukata kidogo tu. Kama ngazi ni ndefu simama kabisa, washa hazadi, subiri barabara iwe nyeupe ndo upande. Kama mbele hakuna nafasi na unaona kuna mti au kalvati, hapo breki inaruhusiwa lakini usukani unyooke.

Hili linafundishika. Tafuta barabara ya mtaani isiyo na watu, asubuhi, shemeji akae kiti cha pembeni, watoto wabaki nyumbani. Nenda na 20, shusha tairi za kushoto kwenye udongo makusudi, sikia usukani unavyovuta, kaa nao, rudi. Afu 30. Usiende zaidi ya hapo. Ukirudia mpaka mikono izoee, siku ya kweli itafanya yenyewe bila wewe kufikiri. Inaniuma sana kwamba shule nyingi za udereva zinafundisha kipilefti na vibao afu mwanafunzi anapewa cheti bila kuambiwa hata siku moja tairi likitoka nje ya lami afanye nini, wakati barabara zetu zote ziko hivo.

Hao watoto nyuma wafunge mikanda kila safari, kila mmoja wake, asikae mtu kwenye mapaja. Ukiwa na 60 na gari ikagonga kitu, mtoto asiefungwa anaendelea na ile 60 mpaka akutane na kiti chako. Hili sina mjadala nalo.

Kuhusu fulu usiku. Akikuwashia usimrudishie. Ukimrudishia mnakuwa vipofu wawili mnaokutana kwenye lami ya mita saba. Wewe shusha zako, punguza, hamisha macho kutoka kwenye taa zake uyaweke kwenye mstari mweupe wa kushoto kwako mpaka apite. Wengine wala hawana ubaya, gari limepakia sana nyuma limenyanyua pua na taa hata zikiwa chini zinakupiga machoni. Usiku pia kumbuka matawi ya miti kwenye lami, ukikanyaga tawi moja jua mbele kuna lori bovu limepaki, mara nyingi halina taa wala pembe tatu.

Na zile indiketa za malori. Umezoea kuona dereva wa semi anakuwashia kushoto maana yake pita kweupe, akiwasha kulia maana yake tulia kuna kitu kinakuja. Ni ukarimu wao na wengi wana nia njema kabisa, mimi nawaheshimu. Lakini usiovateki kwa indiketa ya mtu. Yeye anaona mbele yake, haoni gari yako ina nguvu kiasi gani, na pia inawezekana anaewasha kulia anakata kona kweli kulia kuingia kijijini, na anaewasha kushoto anataka tu kupaki. Ichukue kama habari, uamuzi ubaki kwako, na kama huoni mwenyewe mita zako 600 au zaidi baki nyuma yake, umbali wa kuhesabu sekunde tatu, usimgande mkiani. Ukimganda huoni kitu na wewe ndo utaanza kuchungulia.

Kuna jambo hukuliuliza lakini nakuomba uliangalie. Vibao vya 50 pale kwenye vijiji. Watu wetu wanapunguza kwa sababu ya tochi ya trafiki ya kupima spidi, wakiambiwa na wenzao kwa taa kwamba leo trafiki hawapo wanapita na 80 au 90, na faini ya elfu 30 mtu ameshaiweka kwenye hesabu ya safari. Mtoto wa shule akiingia barabarani mita 40 mbele yako na wewe una 50, kwa lami kavu na breki nzima unasimama kabla hujamfikia, unahitaji kama mita 35. Ukiwa na 80, mita 33 zinaisha kabla hata mguu haujafika kwenye breki, kwahiyo unamgonga ukiwa bado na 70 na kitu. Nimeifanya hesabu hii darasani mara nyingi na huwa darasa linakaa kimya. Dereva wa nyuma akikupigia honi kwa sababu umeshika 50 muache apige, ukitoka kijijini mpishe aende zake.

Mjini sitakaa sana. Pale Kimara na Mbezi shida ni daladala na boda, na dawa ni ileile ya kuona mapema. Daladala likiwa kituoni angalia tairi la mbele la kulia, likianza kukata jua anachomoka, indiketa hawasubiri. Wengi unaowaona ni deiwaka, kapewa gari masaa machache na hesabu ya tajiri lazima itimie afu kinachobaki ndo chake, ndo mana anatanua, anachomekea, anashusha abiria katikati ya leni. Boda yeye mtafute kwenye saitimira ya kushoto kila unapotaka kukata kushoto, hata kama sekunde mbili zilizopita hakuwepo. Na kwenye zebra ukisimama kumpisha mtu, angalia nyuma kwanza na umuoneshe mkono anaevuka asubiri kidogo, mana unaweza ukasimama wewe afu boda akapita ubavuni kwako akamzoa.

Najua utaniambia mwalimu yote haya unanibebesha mimi na wao je. Ni kweli inauma, na sikuambii unyamaze. Basi likikutoa nje ya lami, ukishapaki salama andika namba, jina la basi, mahali na saa. Mabasi ya mkoani yamefungwa VTS, kile kifaa cha kufuatilia gari, na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, wanaona mwendo wake kwa muda huo, kwahiyo taarifa yenye saa na mahali ina uzito kuliko "kuna basi linakimbia sana". Abiria waliomo ndani nao wana nguvu kuliko wanavyodhani, dereva anaepigiwa kelele na siti tatu za mbele anapunguza, nimekaa kwenye kile kiti nakwambia. Namba ya kulalamika ukiikuta imebandikwa ndani ya basi ipigwe mkiwa njiani, sio kesho.

Lakini mimi naamini kabisa mzigo mkubwa uko kwa mwenye gari. Wenzetu Kenya Februari 2004, waziri wa uchukuzi wakati huo John Michuki alibana matatu zote kwa mpigo, vidhibiti mwendo visizidi 80, mikanda kila siti, gari lisilofuata linakaa nje ya barabara. Siku za mwanzo wananchi walitembea kwa miguu lakini matatu zilitulia, na zilitulia kwa sababu tajiri ndo aliyekuwa anapoteza hela gari likilala. Baadae usimamizi ulilegea na mambo yakaanza kurudi. Sisi bado tunamtoza dereva elfu 30 pembeni ya barabara na yule anaempigia simu kumuuliza mbona umechelewa hatumgusi. Hapo lazima pabadilike, na nyinyi mnaosafiri kila wiki ndo wenye sauti ya kulisema.

Sasa ile ya saa za safari. Kama ofisi inakuruhusu, acha kutoka Ijumaa jioni, lala, toka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu kukishapambazuka, utakutana na malori lakini mwanga unao na mwili umepumzika. Kurudi, toka Kimara Jumapili saa nne au tano asubuhi, usisubiri jioni, mana ukitoka saa kumi giza linakukuta kati ya Chalinze na Mikese na hicho ndo kipande kibaya kwako. Na zile wikiendi ambazo huna haja ya gari Dar, tangu Juni 2024 treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inafanya safari za Dar na Morogoro, ni chini ya saa mbili, wewe wa Kimara unaweza kushukia Pugu badala ya kwenda mpaka mjini. IST ibaki Morogoro, na kabla ya safari nyingine ya barabara ipeleke kwa fundi aangalie tairi za kushoto na alaimenti, ukingo wa lami ukishalisugua tairi unaweza kulichana ubavu kwa ndani usione.